Maswali ya wasomaji: Miguu ya mdudu hutoka kifuani

Barua za mwezi huu zimetoka Goma, Bukavu na Lubumbashi, na karibu zote zina shida moja: mtoto ana kreyo mkononi, anataka kuchora mdudu, na mkubwa aliye karibu naye hajui aanzie wapi. Njia ya maumbo mepesi inafaa sana. Mtoto wa miaka 3 tayari huweza kufunga duara, mraba huja kati ya miaka 4 na 5, na pembetatu hufuata baadaye kidogo. Lakini maumbo yakipangwa ovyo yatamfundisha mtoto mdudu asiyekuwepo duniani. Kwa hiyo, kabla ya majibu, shikeni hili: mwili wa mdudu una sehemu tatu, kichwa, kifua na tumbo. Miguu yote sita hutoka kifuani, na mabawa, kama yapo, hutoka hapo hapo. Makosa mengi mliyotuandikia yanaanzia kwenye kusahau kifua.

*Mwanangu ana miaka mitano. Nilimfundisha kuchora koksineli, yule mdudu mdogo mwekundu wa madoa meusi: duara kubwa, duara dogo, basi. Miguu anaipanga kuzunguka duara lote kama miale ya jua. Mwalimu wake anasema nimwache, bado mtoto. Nimwache au nimrekebishe? (Mama wa Himbi, Goma)*

Mama, mchoro wa leo uache ulivyo, usiufute wala usichore juu yake. Ila kesho mwanzie mahali pengine, kwa maana kosa si la mtoto. Duara halina mbele wala nyuma. Ukimpa mtoto duara tupu na kumwambia atie miguu, ataitia pande zote, na huo ni uamuzi wa mtu mwenye akili. Maumbo mawili uliyompa yamekificha kifua.

Koksineli ana siri kidogo, na ndiyo maana huwachanganya hata wakubwa. Ukimtazama kutoka juu, lile gamba jekundu si tumbo. Ni mabawa mawili magumu yaliyofunika tumbo pamoja na sehemu kubwa ya kifua. Sehemu ya kifua inayoonekana ni ile kola nyeusi iliyo kati ya kichwa na gamba. Basi mchoreni hivi. Weka mdomo wa glasi juu ya karatasi, mtoto auzungushie kreyo; glasi nyingi zitampa duara la kama sentimita 7, na mkono wa miaka mitano unataka ukubwa huo. Juu ya duara achore kola: kipande chembamba cha duara, upana sentimita 4, kimo sentimita 1, kikikaa kama kofia. Juu ya kola achore kichwa, nusu duara ya sentimita 2. Kisha mstari mmoja ushuke kutoka katikati ya kola hadi mwisho wa gamba, kwa kuwa hapo ndipo mabawa mawili yanapokutana. Mahali mstari unapoanzia kuna pembetatu ndogo sana; mtoto akiiona kwa mdudu wa kweli, aiweke.

Sasa miguu. Mwambie apitishe kidole katikati ya gamba kutoka kushoto kwenda kulia. Miguu yote hukaa juu ya alama ya kidole, upande wa kichwa: jozi ya kwanza kando ya kola, jozi mbili zinazofuata zikichungulia chini ya gamba. Iwe mifupi, sentimita 1 na nusu inatosha, na kila mguu uwe na kikunjo kimoja. Nusu ya nyuma ya gamba hubaki bila mguu wowote.

Madoa yawe sawa kushoto na kulia, kama mtu na kivuli chake kwenye kioo. Wengine huwaambia watoto kwamba hesabu ya madoa ni umri wa mdudu. Si kweli, idadi ya madoa mara nyingi hutegemea ni koksineli wa aina gani.

Kama unataka mtoto aamini, mtafutieni mdudu mwenyewe. Mfunikeni kwa glasi safi, pitisheni karatasi chini, kisha geuzeni glasi ili apande ukutani mwa glasi. Hapo mtoto ataona tumbo na miguu kutoka chini, na macho yake yatamfundisha kuliko sisi. Asimbinye tu. Akibanwa hutoa majimaji ya manjano kwenye maungio ya miguu, machungu na yenye harufu inayong'ang'ania vidole.

*Darasa langu la pili lina watoto 58 na tablo moja. Nikichora mdudu mzima, wananakili kwa fujo. Nikienda hatua kwa hatua, nusu wanabaki nyuma. Kisha wengi wanaishiwa na nafasi kwenye karatasi. (Mwalimu, Kadutu, Bukavu)*

Mwalimu, koksineli waachie wenye watoto watatu nyumbani. Kwa watoto 58 chagua sisimizi, kwa sababu sehemu zake tatu zinaonekana wazi na hana mabawa ya kukuchelewesha.

Tuanze na nafasi. Karibu watoto wote huanza na kichwa, wakikiweka katikati ya karatasi na kukifanya kikubwa kama chungwa. Tumbo likifika, karatasi imekwisha. Dawa ni kuanza na kifua. Kaye ilazwe kwa upana, kila mtoto aweke kidole katikati ya ukurasa, na hapo achore umbo la yai lenye urefu wa vidole viwili. Hicho ndicho kifua. Kichwa hukaa mbele yake, kimeviringika zaidi, upana wa vidole viwili pia. Tumbo huja nyuma, yai kubwa la vidole vitatu. Pimeni kwa vidole na si kwa sentimita: rula za darasa zima hazipatikani, lakini vidole kila mtoto amekuja navyo, na mtoto mwenye mkono mdogo hupata mdudu mdogo anayelingana vizuri.

Kati ya kifua na tumbo acha nafasi ndogo, uitie ushanga mmoja. Sisimizi ana kiuno chembamba mno, na ule ushanga ndio humtambulisha. Bila kiuno utapata mdudu mwingine kabisa, kama jibu la Lubumbashi hapa chini linavyoeleza.

Miguu huja mwisho: jozi ya mbele ielekee mbele, ya kati itoke kando, ya nyuma ielekee nyuma. Jozi zote tatu zianzie kwenye kifua. Kichwani weka vipapasio viwili. Cha sisimizi kina kiwiko: mstari mmoja ulionyooka, kisha unavunjika na kwenda mbele. Watoto hupenda kuvikunja juu kama pembe za mbuzi. Waambie wakunje mkono wao kwenye kiwiko, wataelewa mara moja.

Kuhusu kubaki nyuma: usiongee huku unachora. Chora umbo moja, geuka, weka chaki chini, hesabu dakika tatu. Miguu ipewe dakika tano. Kabla ya kila umbo watoto wote walichore hewani kwa mkono mzima mara mbili; mkono ukishazoea njia, karatasini hausitisiti. Kwenye tablo kila umbo liwe na urefu wa sentimita 25 hivi, na mstari uwe mnene: vunja chaki, uchukue kipande cha sentimita 3, ukilaze ubavu. Mstari wa ncha ya chaki hauonekani benchi la mwisho, na wale wa nyuma wasipoona ndio hao wanaoanza fujo.

Mwili ukiisha, chora miguu ya upande mmoja tu. Upande wa pili wamalize wenyewe. Wanaokaa benchi moja wabadilishane kaye na kuhesabiana: sehemu tatu, miguu sita, vipapasio viwili. Kusahihisha kaye 58 peke yako si kazi ya saa moja, na mtoto anayehesabu miguu ya mwenzake anajifunza mara ya pili.

*Nyumbani tuna biki tu. Mtoto akikosea hawezi kufuta, anachana karatasi na kulia. (Papa wa Ndosho, Goma)*

Papa, biki si mbaya, ila isiwe ya kwanza kugusa karatasi. Maumbo ya mwanzo yachorwe kwa makala, kisha biki ifuate mistari iliyo sawa, na mwisho makala ipanguswe kwa kitambaa kikavu. Vumbi lake hutoka, wino hubaki.

Makala ya kupikia ni ngumu, hukwaruza karatasi. Tengeneza laini. Chukua vijiti vikavu vya mti mwepesi, vinene kama kreyo, uvitoe maganda. Vijaze kwenye kopo la maziwa ya unga, vibanane. Funika, toboa tundu moja la msumari kwenye kifuniko, weka kopo juu ya mbabula penye hewa, nje ya nyumba. Moshi mweupe utatoka kwenye tundu. Ukikoma kabisa, mara nyingi baada ya saa moja hivi, ondoa kopo na uliache lipoe lenyewe. Hapa ndipo wengi huharibu: wakifungua kopo likiwa la moto, hewa huingia, vijiti vinawaka na kuwa majivu. Kijiti kilichobaki na moyo wa kahawia hakijaiva. Kitakwaruza kama kuni.

Mwonye mtoto asiegemeze kiganja kwenye mchoro. Aweke kipande cha karatasi chini ya mkono, la sivyo sisimizi ataishia kuwa wingu jeusi. Na akishapitisha biki, asubiri kidogo kabla ya kupangusa, maana wino mbichi hufuata kitambaa.

*Binti yangu wa miaka 10 anasema maduara ni ya watoto wadogo. Anataka kuchora senene kama alivyo, lakini mguu wa nyuma unamshinda kila mara. (Mama wa Bagira, Bukavu)*

Binti huyo yuko tayari kwa kazi ya kweli, na tunafurahi kumjibu. Maumbo hatayaacha; atayatumia kama fundi anavyotumia jukwaa, atayaondoa ukuta ukishasimama.

Senene achorwe kwa ubavu, karatasi ya A4 ikilazwa. Kwanza mstari wa ardhi, mwembamba, kutoka ukingo hadi ukingo. Juu yake mwili: umbo refu la jani la mwembe, urefu sentimita 14, kimo sentimita 2 na nusu mahali panapozidi unene. Kichwa kiwe pembetatu iliyoinama, paji la uso likiteremka kwa mshazari na ncha ikielekea mbele. Senene ana kichwa cha mchongoko, na mtoto akikiviringisha atapata mdudu mwingine. Nyuma ya kichwa kuna kipande kama tandiko la punda, kinafunika shingo na kushuka ubavuni: mstatili wenye pembe za chini zilizoviringwa. Bawa ni jani jembamba linalolala mgongoni na kupita mwisho wa tumbo.

Sasa mguu wa nyuma. Unamshinda kwa sababu anauchora kama mguu wa mtu, goti likiangalia mbele. Goti la senene huelekea juu na nyuma, na akiwa ametulia hupanda kuupita mgongo. Asichore mguu, aweke kwanza vitone vitatu. Cha kwanza ni nyonga, sehemu ya chini ya kifua kwa nyuma, karibu na tumbo linapoanzia. Cha pili ni goti, nyuma ya nyonga, sentimita moja hivi juu ya mgongo. Cha tatu ni kanyagio, juu ya mstari wa ardhi, nyuma zaidi ya goti. Aviunganishe vitatu apate pembetatu, kisha atazame: je, inafanana na mdudu anayeweza kuruka? Ikiwa bapa mno, anyanyue goti. Pembetatu ikikaa sawa, paja linapata umbo: nene karibu na nyonga, likisinyaa kuelekea goti, kama rungu. Muundi ni mwembamba, una miiba midogo nyuma, na urefu wake unakaribia ule wa paja. Upande wa tatu wa pembetatu, ule wa nyonga hadi kanyagio, haukuwa mguu, autoe.

Miguu miwili mingine ya ubavu huo ni mifupi, nayo hutoka chini ya tandiko na nyuma yake kidogo. Hapa kuna jambo la kumwonyesha kwa karibu: kwenye muundi wa mguu wa mbele, chini kidogo ya goti, kuna ufa mwembamba. Hapo ndipo masikio ya senene yalipo. Akiuweka ufa ule kwa ncha kali ya kreyo, mchoro wake utakuwa na kitu ambacho wakubwa wengi hawajawahi kukiona.

Vipapasio vimalize kazi. Vya senene ni vyembamba kama uzi na virefu kuliko mwili. Vya panzi wa kawaida ni vifupi na vinene. Avichore kwa mkupuo mmoja akizungusha bega, siyo kiganja. Kiganja hutoa mstari unaotetemeka. Jike lina kitu kama upanga mkiani, cha kutagia mayai.

Senene wa sokoni hawafai sana kwa somo hili, maana mara nyingi wameshanyofolewa mabawa na miguu. Omba wachache kabla hawajasafishwa, au mtafuteni asubuhi chini ya taa iliyokesha. Aliyekufa siku nyingi hukunja miguu ndani, na mtoto atachora maiti.

*Mvua zikianza, watoto wa darasa langu huchora kumbikumbi. Wote wanamchora kama sisimizi mwenye mabawa. Wanafunzi wanauliza tofauti ni ipi, na mimi mwenyewe sina hakika. (Mwalimu, Katuba, Lubumbashi)*

Mwalimu, mji wenu umezungukwa na vichuguu vinavyompita mtu kimo mara kadhaa, kwa hiyo swali hili ni lenu kwa haki. Kumbikumbi, au inswa kama wengi wanavyosema huko, ni mchwa mwenye mabawa, na mchwa si jamaa ya sisimizi. Ana undugu wa karibu zaidi na mende.

Katika kuchora, tofauti ni tatu. Kwanza kiuno: mchwa hana. Kichwa ni duara, kifua ni mstatili mfupi, tumbo ni yai refu, na vyote vinagusana kwa upana. Waambie watoto wachore gari moshi lenye mabehewa matatu yaliyobanana. Pili vipapasio: vimenyooka bila kiwiko, na vimeundwa kwa pete ndogo ndogo, kama shanga kwenye uzi. Kwa mtoto mdogo vitone vinane au kumi kwa mstari vinatosha. Tatu mabawa: ni manne, yote karibu urefu mmoja, na yakilala mgongoni hupita mwisho wa tumbo kwa mbali. Sisimizi mwenye mabawa yupo pia, lakini ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma.

Kosa la kawaida ni kuyapanua mabawa kama ya kipepeo. Bawa la kumbikumbi ni jembamba, lenye umbo la ulimi. Litolewe kwenye kifua na lichorwe jepesi, mstari wa nje tu, ili mwili uonekane kupitia bawa. Okoteni mabawa yaliyodondoka asubuhi baada ya kumbikumbi kuruka. Kumbikumbi huyakata wenyewe wakishatua. Bandikeni moja kwenye karatasi kwa uji wa muhogo, watoto walinganishe.

*Mtoto wangu alichora buibui, akawekewa kosa kwamba si mdudu. Nyumbani sisi sote tunamwita mdudu. Na kiwavi je, naye si mdudu? Ana miguu zaidi ya sita. (Mama wa Kamalondo, Lubumbashi)*

Kwa Kiswahili chetu mtoto hakukosea. Neno mdudu hubeba buibui, jongoo, tandu, hata vijidudu vya ugonjwa visivyoonekana. Lakini katika somo la viumbe, wanaohesabiwa kundi moja na nyuki na panzi ni wenye miguu sita na mwili wa sehemu tatu. Buibui ana miguu minane na sehemu mbili tu: duara dogo la mbele, lenye miguu yote, na duara kubwa la nyuma lisilo na mguu. Hana vipapasio. Mwalimu angeweza kuandika "mchoro wa mdudu wa miguu sita" ubaoni, na mtoto angejua anachotakiwa. Tunawaomba walimu waitaje idadi ya miguu kabla ya zoezi, kwa kuwa neno peke yake halitoshi.

Kiwavi ni mdudu wa miguu sita kweli, na swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Ile mingine si miguu, ni vishikizo laini vya nyama. Mchoreni kwa vifuniko vya chupa: kifuniko kimoja hutoa duara la kama sentimita 3, na sarafu huku kwetu hatushiki tena mkononi. Duara la kwanza ni kichwa. Nyuma yake yafuatane maduara 13, kila moja likilalia kidogo lililotangulia, kwenye karatasi mbili zilizounganishwa kama moja haitoshi. Hesabuni baada ya kichwa: pete ya 1, 2 na 3 ndizo kifua, kila moja ina jozi ya miguu ya kweli, myembamba na yenye ncha. Pete ya 4 na ya 5 hazina kitu. Pete ya 6, 7, 8 na 9 zina vishikizo vifupi, vinene, kama vidole vya mtoto mchanga, na jozi ya mwisho iko kwenye pete ya 13. Viwavi wengi wa vipepeo na nondo wana mpango huo, ingawa wengine wana vishikizo vichache zaidi. Waliokaushwa, wanaouzwa kwa kopo sokoni, huwa wamejikunja na pete zimebanana. Waloweke katika maji ya vuguvugu kabla ya kuhesabu.

*Tunachora kipepeo kwa kukunja karatasi na kupaka rangi upande mmoja. Rangi inatapakaa, mabawa yanakuwa doa moja. Na rangi za dukani ni ghali. (Dada anayelea watoto, Nguba, Bukavu)*

Dada, kwanza umbo, kisha rangi. Kunja karatasi katikati kwa urefu. Kwenye kikunjo chora nusu ya mwili: nusu duara ndogo ya kichwa, nusu yai fupi la kifua, nusu yai refu na jembamba la tumbo. Bawa la mbele ni pembetatu, na ncha yake moja imeshikana na kifua. Bawa la nyuma limeviringika, nalo limeshikana na kifua pia, chini tu ya la kwanza. Acheni mwanya mwembamba kati ya mabawa hayo mawili, upana wa kreyo. Bila huo mwanya rangi mbili zitaungana ukikunja, na hilo ndilo doa lako. Vipapasio vya kipepeo vina kirungu mwishoni, visiishie kwenye ncha kali. Na mtoto akikwambia amemwona kipepeo wa miguu minne, msikilize: wapo ambao jozi ya mbele imefupishwa na kukunjwa kifuani, haitumiki kutembea.

Rangi mtapata jikoni. Binzari ya manjano kijiko kimoja cha chai katika vijiko viwili vya uji mzito wa muhogo uliopoa hutoa manjano kali. Masizi au vumbi la makala katika uji huohuo hutoa nyeusi. Lengalenga mbichi zilizotwangwa na kukamuliwa hutoa kijani, ingawa hufifia juani baada ya siku chache. Uji ndio unaozuia kutapakaa: ukiinua kijiko, rangi ianguke kwa tone zito, isitiririke. Binzari haitoki kwenye nguo, kwa hiyo watoto wavae za kuchezea.

Pakeni upande mmoja, doa kwa doa, si bawa zima kwa mara moja. Kunjeni, mbonyeze kwa kiganja kutoka kwenye kikunjo kwenda nje, na si kutoka nje kuja ndani, ili ziada ya rangi ikimbilie ukingoni. Fungueni karatasi papo hapo ingali mbichi. Ikikaukia ikiwa imefungwa, uji utashika kama gundi na mabawa yatachanika.